Mwalimu Masoud Nyange na Sanduku la Kura la Kisiwa cha Panani

Asalaam alaykum ndugu, majirani, na waheshimiwa wa vyama vyote mliovuka hori hili la bahari leo asubuhi maji yakiwa yamekupwa, mmekunja suruali na viatu mmevibeba mkononi. Familia inakuombeni mkae kitako, maana kabla hatujamsalia maiti yapo maneno ya kumweleza mtu tunayekwenda kumzika.

Marehemu Mwalimu Masoud Nyange Mabruki alizaliwa Jumamosi tarehe 3 Machi 1956 hapa kisiwani Panani, mtoto wa pili wa Mzee Nyange Mabruki, mvuvi wa madema, na Bi Mwanapili Nassor, mwanamke mfupi, mwenye goti bovu na ulimi mzima. Kisiwani hapakuwa na skuli, kwa hiyo mwaka 1964 alipelekwa Tumbe kwa mjomba wake, akasoma huko hadi mwaka 1974, kisha akaenda Unguja chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1977 na kuanza kufundisha Januari 1978. Mwaka 1983 aliomba kwa hiari yake arudishwe Panani, jambo ambalo wenzake walidhani ni adhabu, akafungua darasa la kwanza la kisiwa hiki chini ya paa la makuti, na karibu kila mtu wa hapa aliye chini ya miaka hamsini alishikwa mkono na Mwalimu Masoud alipoandika herufi yake ya kwanza.

Ijumaa tarehe 14 Agosti 1981 alimuoa Bi Khairat Mbarouk wa Makangale, wakajaaliwa watoto wanne, mkubwa wao Nusaiba, muuguzi, na wa mwisho Fahmi, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu.

Sasa tuje kwenye jambo lililomla miaka thelathini. Jimbo letu la Pwani Mbili, ukiliangalia kwenye ramani, unaweza kulifunika kwa kiganja, lakini kwa miguu linaanzia mashamba ya karafuu, linapita msituni, linashuka mikokoni, linavuka hori, na kuishia hapa tulipo, na mtu aliyeondoka mwisho mmoja baada ya alfajiri hafiki mwisho wa pili kabla ya laasiri. Kituo cha kupigia kura kiliwekwa ng'ambo. Tarehe 22 Oktoba 1995, siku ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, ilikuwa bamvua, bahari inapokupwa na kujaa kupita kawaida, maji yakakupwa saa nne asubuhi, vijana wakavuka kwa miguu tope likiwafika magotini, na wazee wakangoja maji yajae ili wapande ngalawa, na siku za bamvua maji hujaa jioni, saa ileile vituo vinapofungwa. Bi Mwanapili alifika ng'ambo amevaa kanga mpya, akakuta mlango unatiwa kufuli.

Aliporudi alimwambia mwanawe, "Mie sina mguu wa tope. Weye ndiwe msomi, waandikie walete sanduku hapa."

Mwalimu aliwaandikia wakuu wa uchaguzi mjini. Barua ya kwanza ni ya tarehe 6 Novemba 1995, na hakuwa na chama alichokitangaza, kwa hiyo kila chama kilimshuku kwamba ni wa kingine. Mwaka 2000 alijibiwa kuwa ombi limepokelewa. Mwaka 2005 aliambiwa kuwa Panani imehamishiwa jimbo la jirani, aandike huko, akaandika huko, na jibu lilipokuja Panani ilikuwa imekwisha kurudishwa Pwani Mbili, na jimbo la jirani likamtakia kila la heri. Mwaka 2010 walimtaka ataje idadi ya wakaazi, akaitaja, wakamwambia ni wachache. Mwaka 2015 uchaguzi ulifutwa, ukarudiwa Machi 2016, na watu wetu wakalikanyaga tope mara mbili kwa uchaguzi mmoja. Mwaka 2020 aliambiwa kuwa barua zake za nyuma hazionekani, akanakili zote kumi na saba kwa mkono na kuzipeleka upya. Katika miaka yote hiyo hakumtukana mtu. Alikuwa akisema kuwa anayekaa ofisini mjini hayajui maji, kama siye tusivyojua lifti, na hilo si dhambi. Bi Khairat hakuwa na subira hiyo, na siku moja alimwambia mbele ya wageni, "Masoud, wino wako ungekuwa mbolea, saa hizi tungekuwa tunavuna."

Wagombea walikuja, hatuwezi kusema hawakuja. Mwaka 2010 alikuja mmoja ambaye hatutamtaja, hakutaka kushuka topeni, akahutubia akiwa ndani ya ngalawa kwa kipaza sauti, "Mama zangu, mnanisikia?" Bi Mwanapili, aliyeketi ufukweni kwenye kigoda, akamjibu, "Twakusikia, baba, lakini shuka tukuone! Kwani weye umekuja kuomba kura au kuvua pweza?" Watu walicheka mpaka kipaza sauti kikazimwa. Bi Mwanapili alifariki tarehe 9 Juni 2014 akiwa hajapiga kura hata moja katika maisha yake, na hilo Mwalimu alilihesabu kuwa deni lake, ingawa hakuna aliyemdai.

Mwalimu alistaafu mwaka 2016, na mwanzoni mwa mwaka 2024 alianza kuugua figo, ikabidi ahamie Gombani kwa Nusaiba ili awe karibu na matibabu. Huko ndiko ilikomfikia habari, Agosti 2025, kwamba barua ya kumi na tisa imekubaliwa na Panani itapata kituo chake. Alilia, na kisha akaomba arudishwe nyumbani, na madaktari, baada ya mabishano marefu, walimpa siku tatu.

Jumatano tarehe 29 Oktoba 2025 alitolewa nje kabla ya jua kuchomoza, akaketi kwenye kiti mlangoni mwa skuli, wa kwanza kwenye foleni. Saa moja ikafika, sanduku halikufika. Ilikuwa siku ya maji mafu, bahari haikupwi ikakauka wala haijai ikabeba chombo, na ngalawa ya wasimamizi ilikuwa imekwama katikati ya hori, tunaiona, na wao wanatuona. Saa nne wakajaribu kushuka, wakazama kiunoni. Vijana wetu wakaenda kuwavuta kwa kamba, na saa saba u nusu waliingia skulini vijana watano wa watu, wametapakaa tope, mmoja hana viatu, sanduku wamelibeba kichwani, na msimamizi wao, binti aliyewahi kufundishwa na Mwalimu, alimwinamia akasema, "Mwalimu, utusamehe, tumechelewa." Mwalimu akasema, "Hamkuchelewa nyiye, mwanangu," akaingia, akapiga kura yake, akatoka.

Kura zilihesabiwa palepale jioni, mia mbili na kumi na nne, na moja ikaharibika. Haikuwa na alama ya vema popote. Kwa mwandiko uliolala kidogo kulia, ambao kila mtu mle chumbani alifundishwa nao, iliandikwa: Tunaomba daraja. Binti msimamizi aliisoma kwa sauti, akaiinua juu waione mawakala wote, na hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Familia isingelisema hili kama yeye mwenyewe asingelikiri. Usiku ule Bi Khairat alimvamia, "Miaka thelathini waililia kura, umeipata, umeiharibu?" Akajibu, "Sikuiharibu, nimeituma. Ile ni barua ya ishirini, na hiyo imesomwa." Halafu akasema kosa lilikuwa lake tangu mwanzo, kwamba mama yake alitaka sanduku, naye akaliomba sanduku, na hakuwahi kukaa akafikiri kuwa hori linalomzuia mama kwenda ndilo litakalomzuia mwenye sanduku kuja, na mgonjwa, na mja mzito, na mwalimu mpya.

Alirudi Gombani tarehe 31 Oktoba, hali ikaendelea kudhoofika, na Jumamosi tarehe 17 Januari 2026, baada ya laasiri, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Jeneza lilingoja ng'ambo usiku kucha, kwa kuwa maji hayakuruhusu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Gombani, walimu wenzake, vijana walioubeba mwili wake topeni bila kuuinamisha, na nyinyi waheshimiwa, mliopata kura zetu na mliozikosa, ambao kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1995 mko Panani nyote siku moja.

Barua ya ishirini na moja tumeiandika jana usiku, inahusu daraja, na ipo mezani kando ya kitabu cha rambirambi, na kalamu mbili. Maji yamekwisha kuingia horini, hayavukiki tena kwa miguu, na ngalawa hazitaelea kabla ya saa tisa, kwa hiyo tunaomba saini zenu baada ya maziko, pasipo haraka.

Mola akulaze pema, baba, upumzike. Leo wamekuja wote, na hakuna anayeweza kuondoka.