Farasi Aliyemtoa Kitandani

Kwenye treni nilikaa mkabala na mama mshonaji mwenye mkono uliovunjika na kufungwa plasta, pamoja na fundi umeme, watu wasiojuana waliokutanishwa na harufu ya farasi iliyoganda kwenye nguo zao.

"Jumapili farasi wangu kanibwaga matopeni," mshonaji alisema.

"Muuze, dada, atakuua!" alishauri fundi, ambaye aling'atwa sikio na farasi wake na bado anamfuga.

"Nimuuze? Mume wangu alipofariki nililala tu, sikutaka hata kula. Farasi huyo alipiga mlango wa banda kwa kwato mpaka nikaamka kumlisha. Nilipompanda, nikajisikia nacheka. Namshukuru mpaka leo."

"Lakini mkono, dada?"

"Mkono utapona, kaka."

Treni ikasimama. Walishuka pamoja, fundi bado akibisha, huku amembebea mfuko wa karoti za farasi wake.