Mwalimu Wasike na Watoto Ishirini na Tisa

Mwalimu Seth Wasike amefundisha watoto wetu hesabu miaka ishirini na mmoja, tangu Januari 1964, na Ijumaa hii, tarehe 30 Novemba 1984, anastaafu. Mimi ni Wachuka, mpishi wa shule. Nilifika darasa la tatu tu, lakini kamati imesema niandike mimi, kwa sababu ndimi niliyekuwa naye siku ile ya ukungu.

Alikuja hapa Naro Moru kutoka Bungoma na sanduku moja la bati. Asubuhi ya kwanza alianza kuhesabu watoto kwa kidole, nikaacha mwiko kwa sufuria nikatoka mbio. Huku kwetu mtoto hahesabiwi. Ukimhesabu ni kama unamwonyesha kwa kifo. Hakubishana. Tangu hapo aliwapanga kwa safu tu. Nderitu, dereva wa lori, hakuchoka kumtania, ati mwalimu wa hesabu anaogopa kuhesabu.

Mwaka wa 1971 rejista yake ilikuwa na majina ishirini na tisa. Aliisifu namba hiyo kama mtu anavyosifu ng'ombe wake. Ni namba tasa, alituambia, haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Wapange wawili wawili, anabaki mmoja. Watatu watatu, wanabaki wawili. Watano watano, wanabaki wanne. Wakibaki hivyo, wako wote.

Agosti hiyo aliwapeleka kuona msitu wa mlimani, nami nikabeba uji. Ukungu ukatushukia. Akawapanga wawili wawili: hakubaki mtu. Watatu watatu: hakubaki mtu. Watano watano, vilevile. Niliangalia, na kila uso niliujua.

Akanisogelea, akasema polepole, "Mama Wamucii, usiwatazame sana. Washikane mikono, twende."

Tulishuka bila wimbo. Langoni mwa shule aliwapanga tena. Mwanangu Wamucii alikuwa nyuma, peke yake, mkono bado ameunyoosha, umelowa maji. Watatu watatu, wakabaki wawili. Walikuwa wetu, wote.

Nilimuuliza mtoto alishikana na nani. Alisema hamjui, lakini huyo alimwita yeye kwa jina.

Wengine wangesahau. Mwalimu alikataa uhamisho mara tatu, hata ule wa kwenda karibu na kwao. Kila Agosti alipanda peke yake mpaka ukingo wa msitu, akaita, akangoja, akarudi. Nilidhani anaomba. Wiki iliyopita alikuja jikoni, akakaa kwa kiti cha kuambua viazi, akaniambia kinachomla.

"Kama walikuwa thelathini kule juu, Mama, basi kuna mmoja sikumrudisha. Nitaendaje nyumbani?"

Mwalimu, siku hiyo nilikupa chai tu. Sasa ninalo jibu, nalo si la hesabu. Miaka kumi na mitatu tangu siku ile nimepika karibu na lango hili. Hakuna mama aliyekuja kuuliza mtoto. Mama angekuja. Mimi ningekuja bila viatu, ningelala hapo langoni mpaka mnipe wangu. Yule, awaye yeyote, hakuwa wa kurudishwa na wewe.

Wetu uliwarudisha. Wamucii ana mtoto sasa, na hatumhesabu.

Asante, Mwalimu. Panda gari la Bungoma Jumamosi na usiangalie mlima. Mungu akupe uzee wenye usingizi.