Breki Anatundika Njumu

Tarehe 30 Juni kiungo wetu mkabaji, ambaye sote tunamwita Breki, anastaafu baada ya miaka kumi na tisa ya soka la kulipwa, sita ya mwisho akiwa hapa klabuni. Mimi ndiye kipa niliyelala naye chumba kimoja kambini muda wote huo, kwa hiyo kazi ya kuandika haya imeniangukia.

Alipitia timu nane. Nyingine zilimchukua kwa mkopo zikamrudisha kabla hajazoea majina ya wenzake. Jina lake alilipata timu ya kwanza, kocha alipomfokea mshambuliaji mmoja mazoezini: "Mpite! Unaogopa nini?" Yule akajibu akihema, "Kocha, huyu si mtu, ni breki." Likamganda.

Kufunga hakukuwa fani yake. Akiwa nasi alifunga mabao mawili, moja la kujifunga, mimi nikiwa golini. Kazi yake ilikuwa kunyang'anya mpira na kumpa mwingine akapigiwe makofi.

Baba yake, fundi cherehani, alifuatilia mechi redioni huku akishona. Watangazaji hawana habari na kiungo mkabaji, basi kila mechi ikiisha mzee alipiga simu: "Mwanangu, leo ulicheza kweli? Mbona sijasikia jina lako?" Breki alicheka. "Nilikuwepo, baba."

Msimu huu mzee, tayari akiugua, alisafiri kuja kumwona uwanjani kwa mara ya kwanza. Asubuhi ile ile kocha akabadilisha kikosi, Breki akawekwa benchi. Kila mara aliinuka kupasha misuli kandokando ya mstari, macho yakiwa jukwaani. Hakuitwa. Baadaye niliwakuta nje ya chumba cha kubadilishia nguo, mzee amemshika begani. "Nimekuona," alimwambia. "Unakimbia vizuri." Haukupita muda tukaenda kumzika.

Tangu hapo Breki alicheza kama mtu asiyetaka kurudi nyumbani. Goti la kulia lilikuwa limeshachoka. Daktari alimkanya, akatia pamba masikioni. Mechi ya mwisho, tukipigania kubaki ligi kuu, alijirusha kuzuia shuti lililokuwa linakuja kwangu. Alilizuia, lakini kano za goti zilikatika. Akiwa kwenye machela aliniuliza jambo moja tu: "Haukuingia?" Nikamwambia haukuingia. Tulitoka sare, na sare haikutosha. Kwamba tumeshuka daraja, nilimwambia mimi hospitalini. Aligeukia ukutani.

Wiki iliyopita nilimsindikiza nyumbani, yeye na magongo yake, mimi na mabegi. Mkewe ni muuguzi, na aligoma kuhamahama tangu timu ya tano. Binti yao alitupokea mlangoni kwa swali analomuuliza baba yake kila akifika: "Utaondoka lini?"

Breki aliketi kwenye ngazi, polepole. "Siondoki tena, mama."

Mtoto hakumrukia. Alimtazama kwa muda, kisha akarudi ndani. Breki akabaki ameketi pale pale, mikono magotini.

"Atazoea," mkewe aliniambia kwa sauti ya chini. Sikujua anamsema nani kati ya wawili hao.

Ndugu yetu, umetumikia klabu hii kwa moyo wako wote na mwili wako wote. Ahsante. Tunakuombea afya, utulivu, na nyumba itakayokuzoea upesi.