Mji wa Kupewa

Bibi Kahonzi alifumba macho ndani ya tuktuk kama aliyelala. Abiria wawili kando yake, wasiojuana, walikuwa wakiulizana wanasoma nini siku hizi, na kumbe kilikuwa kitabu kile kile.

"Nimefika pale mke anapopanda basi amrudie mumewe," alisema Moraa, mshonaji. "Halafu jirani akakiazima, hakijarudi. Niambie dada, alipokewa?"

"Sikwambii, nitakuharibia utamu," alisema Sidi, aliyekimaliza juzi.

"Niharibie tu. Silali nikimuwaza."

Bibi naye sasa alikuwa na hamu ile ile. "Mpe mji, mwanangu, kama kwenye vitendawili. Akiupokea na kukusimulia alivyoutembelea, hana budi kukupa jibu."

"Shikamoo, Bibi. Haya dada, nakupa Malindi."

Sidi akacheka, akaupokea. "Nilikwenda Malindi, wakanilaki kwa halwa na kahawa. Wakanitandikia mkeka mpya, wakanifukizia udi, nikapitishwa kila mtaa nikiitwa bibi harusi…" Alisimulia taratibu mno, hata Bibi akakiona kila kibaraza.

Tuktuk ikasimama. "Dada wa kushuka shuleni, umefika," alisema dereva.

Sidi alishuka akitabasamu, angali katika mji wake, na jibu akaenda nalo.

"Bibi, kwako tulishapita," dereva alisema.

"Najua, baba."