Mzee Sirili Temu na Mada Yake ya Maji

Jamani, Babu alipigiwa makofi na ukumbi mzima, watu wamesimama! Mia tatu na kitu! Maprofesa, wanafunzi, viongozi wa meza kuu, wote wima! Najua wasifu unaanzaga na kuzaliwa, na Mjomba Filbert ameniambia nianze na kuzaliwa, ila hili ndilo kubwa kuliko yote lililomtokea Babu, kwa hiyo nimeliweka juu kabisa, hata anayewahi kuondoka awe ameshalisikia. Ilikuwa tarehe 22 Oktoba 1998, saa sita kasoro mchana. Nitalieleza vizuri zamu yake ikifika.

Haya, kuzaliwa. Marehemu Sirili Basili Temu alizaliwa tarehe 14 Machi 1942 hapa hapa Kibosho, kwenye kihamba hiki hiki, shamba la ukoo, tulichokaa sasa hivi, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Basili Temu. Alibatizwa baada ya siku nane. Kazi yake ya utoto ilikuwa kulinda zamu ya maji. Siku ya zamu ya ukoo wao ikifika alikaa kule juu kwenye banio, mlango wa maji wa mfongo, yaani ule mfereji wa wazee wetu unaotoa maji mtoni mpaka migombani, akiangalia mtu asije akayageuzia kwake. Siku moja alipitiwa na usingizi, maji yote yakaenda kwa jirani. Alichapwa, na wenzake walimtania kwa hilo mpaka wamekuwa wazee.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1950 hadi 1958, akamaliza darasa la nane. Hesabu alikuwa wa kwanza. Hakuendelea, nafasi zilikuwa chache sana siku hizo, wakachukuliwa wawili tu darasa zima na yeye alikuwa wa tatu.

Kuanzia 1959 alifanya kazi kwenye kitalu cha miche ya kahawa. Tarehe 3 Mei 1971 aliajiriwa kuwa mhudumu wa ukumbi kwenye chuo kule mjini Moshi, ambacho sasa ni chuo kikuu. Jina la chuo silitaji, Mjomba Filbert amesema wameleta shada la maua, tusiwaaibishe. Babu ndiye aliyepanga viti, ndiye aliyetandika kile kitambaa cha kijani meza kuu, ndiye aliyejaza maji kwenye glasi za watoa mada na kujaribu kipaza sauti, "moja, mbili, moja, mbili." Na ndiye aliyeandika matangazo ya ubaoni kwa mkono wake: *Mhadhara wa wazi. Wote mnakaribishwa.* Semina, kongamano, mdahalo, mahafali, hakuna kilichofanyika mle ndani yeye hakukisikia. Jioni anarudi nyumbani, anawekewa mtori wa ndizi, anaanza kumweleza Bibi habari za soko huria na mfumuko wa bei.

"Baba Filbert," Bibi anamwambia, "kula kwanza. Mtori nao unapoa."

Bibi mwenyewe alimpata kule Mkuu, wilayani Rombo. Alikuwa amepeleka miche ya kahawa, akapita sokoni, akamwona binti anauza ndizi. Akauliza bei ya mkungu. Binti akamwangalia juu mpaka chini.

"Wewe si wa Kibosho wewe? Unakuja kununua ndizi Rombo, kwenu zimeungua?"

"Hazijaungua. Hazina muuzaji."

Bibi anasema hapo alijua huyu mtu atamsumbua. Walifunga ndoa tarehe 28 Septemba 1968, wakajaliwa watoto watatu: Mjomba Filbert, mama yangu Ruth, na Mjomba Basili aliyeko Dar.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kila kitu kinapoanzia. Tarehe 20 Agosti 1986 kulikuwa na semina ya mambo ya maji. Mtaalamu mmoja akasema kwamba kwenye mifongo yote ya upande huu wa mlima hakuna hata mtu mmoja aliyeandika maji yanayopita ni kiasi gani, kwa hiyo hata yakipungua hakuna atakayeweza kuonyesha. Babu alikuwa anamjazia glasi. Kesho yake alfajiri akapanda kwenye banio na kijiti, akakichovya, akakipima kwa utepe wa fundi cherehani, akaandika kwenye daftari: inchi kumi na saba.

Wiki ile ile akaenda dukani kwa Mzee Paresh, pale mjini alipokuwa ananunua balbu za ukumbi, akaomba futi ya mbao.

"Sirili, futi ya nini? Umekuwa fundi wa majeneza?"

"Napima maji."

"Maji yanapimwa kwa ndoo, bwana!" Mzee Paresh akacheka, lakini akampa futi ya chuma, akamwambia ya mbao itaoza. Mzee Paresh yupo hapa leo. Shikamoo Mzee Paresh, ile futi bado ipo.

Kuanzia hapo kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kushuka kazini, Babu alikuwa kwenye banio. Bibi akawa anawaambia wenzake jumuiyani, "Mimi nina mke mwenza, anaitwa Mfongo. Huyo ndiye anaamkiwa mapema."

Ndiyo tukafika ile tarehe 22 Oktoba 1998. Mhadhara wa wazi, ukumbi umejaa, mgeni kutoka mbali anasema mlima wetu una maji ya kutosha watoto wa watoto wetu. Ukafika muda wa maswali. Kazi ya Babu ilikuwa kuzunguka na kipaza sauti, kumpelekea aliyenyoosha mkono. Mwanafunzi mmoja wa katikati akanyoosha, Babu akafika, mwanafunzi akasema, "Basi, langu limeshaulizwa." Babu akabaki amesimama katikati ya ukumbi, koti lake la kaki, kipaza sauti mkononi. Halafu akakisogeza mdomoni kwake.

"Samahani mwenyekiti. Mimi ni mhudumu wa ukumbi. Mfongo wa kwetu ulikuwa inchi kumi na saba mwaka themanini na sita. Leo asubuhi ni inchi kumi. Nimeandika kila siku. Nilikuwa naomba kuuliza, hizo inchi saba zimekwenda wapi?"

Mgeni akauliza, "Kila siku, mzee? Kila siku kabisa?"

"Siku mbili sikupima. Moja tulikuwa tunamzika mama, moja nilikuwa na malaria."

Ndipo wakasimama! Wakapiga makofi mpaka mwenyekiti akagonga meza! Swali lenyewe halikujibiwa, muda uliisha, ila Babu alirudi nyumbani siku hiyo Bibi akadhani amekunywa.

Mratibu wa semina alikuwa Dokta Ebenezeri. Alimfuata Babu kwenye stoo ya viti akamwambia, "Mzee Sirili, andika mada. Utaisoma wewe mwenyewe, ukumbi huu huu." Tangu hapo Babu hakuwa na jambo lingine. Mfongo wetu unalisha nyumba arobaini na tatu. Aliamini kabisa kwamba wasomi wakiisikia mada yote, kwa tarakimu, siyo kwa dakika moja, watawaambia wenye maamuzi, na kule juu kwenye chanzo miti itaachwa kukatwa kabla maji hayajaisha. Alimwambia Bibi, "Nikiisoma pale, itakuwa imesikika."

Akapangiwa tarehe 12 Novemba 1999. Tangazo akaliandika mwenyewe, na jina lake. Siku tatu kabla Dokta Ebenezeri akaja na uso wa kuona aibu. Chuo kilikuwa kimeambiwa kijiendeshe chenyewe, ukumbi umeanza kukodishwa, na siku ile kuna sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi.

"Mzee wangu, wale wameshalipa."

"Sawa Dokta. Viti nivipange safu au duara?"

Akabandua tangazo lake, akapanga viti duara, akafunga na yale maua ya vitambaa. Tukapata na keki.

Akapangiwa tena tarehe 8 Juni 2001. Siku hiyo ikaja kampuni ya simu kufanya promosheni, na muziki, na fulana. Babu ndiye aliyewawashia vipaza sauti. Alirudi na fulana moja na laini ya simu ya bure, akasema, "Wameniambia dunia nzima sasa itaongea." Hiyo laini ndiyo ninayotumia mimi mpaka leo.

Tarehe 14 Machi 2002 akastaafu. Dokta Ebenezeri naye akaenda kusoma nje. Babu akawa anashuka mjini kwa mguu kila mwezi kuangalia ubao wa matangazo kama mtu mwingine yeyote. Mratibu mpya akamwambia mada za semina zinatakiwa ziwe kwa Kiingereza. Babu wa darasa la nane! Akakaa na kamusi miaka miwili na nusu, pale pale chini ya mgomba wa mbele. Ukipita anakuuliza, "Victoria, 'kutuama' wanasemaje?" Mimi ningejuaje, nilikuwa darasa la pili. Zikatoka kurasa tisa.

Akapangiwa tarehe 18 Machi 2005, mtoa mada wa tatu. Alivaa suti ya harusi ya Mjomba Basili. Bibi alikwenda, mama alikwenda, na mimi nilikwenda, tukakaa mstari wa nyuma. Mfongo asubuhi ile ulikuwa inchi nne. Wa kwanza akaongea saa nzima. Wa pili akaongea zaidi. Babu amekaa meza kuu, kurasa tisa mapajani, glasi yake ya maji amejaziwa na kijana mwingine. Mwenyekiti akaangalia saa, akasema chakula kiko tayari, na kwa kuwa muda hauturuhusu, mada ya tatu ichukuliwe kuwa imesomwa. Watu wakapiga makofi kidogo, wakainuka.

Mama akataka kwenda kuongea. Babu akamshika mkono. "Acha, Ruth. Ndiyo utaratibu. Nimewapangia viti miaka thelathini, naujua."

Mwezi uliofuata alirudi kuomba tarehe nyingine. Mratibu akafungua faili, akamwonyesha. "Mzee, mbona yako imeshasomwa. Iko kwenye kumbukumbu hapa." Na kweli ilikuwa imeandikwa hivyo. Basi tarehe nyingine haikuwepo, maana hakukuwa na kitu kilichobaki cha kusoma. Hakwenda tena chuoni.

Tarehe 3 Agosti 2007 akaandika sifuri. Mnajua wenyewe, mnaiona hii migomba ilivyokauka. Kahawa tumeng'oa. Maji tunachota mbali kwa madumu. Yeye aliendelea kupanda kwenye banio kila asubuhi, anashusha futi kwenye mchanga mkavu, anaandika 0.

"Baba Filbert," Bibi akamwambia, "hiyo sifuri hata usipokwenda itakuwepo. Lala."

"Lazima iandikwe."

Tarehe 11 Novemba 2008 alichelewa kurudi. Bibi akamfuata, akamkuta amekaa chini kwenye banio, daftari limefungwa, mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Alilazwa wiki tatu, akarudi nyumbani, lakini sauti haikurudi tena. Hakuweza kusema hata jina la Bibi.

Mimi ndiye niliyekuwa nakaa naye mchana. Nikachukua ile mada ya Kiswahili, ya kwanza, aliyoandika mwenyewe kabla ya kuambiwa Kiingereza, nikaanza kuiingiza kwenye simu kama meseji. Namsomea moja moja. Nikikosea inchi ananyanyua kidole cha kushoto. Alinyanyua mara sita. Zikafika meseji hamsini na nane. Nikazituma kwa namba zote zilizokuwa kwenye kitabu chake kidogo, watu kumi na wawili, wengine wa chuoni. Wawili walijibu. Mmoja aliandika, *Nani wewe?* Mwingine aliandika, *Umekosea namba.* Babu aliniangalia kama anauliza. Nikamwambia wamepokea. Mjomba Filbert, hilo nilidanganya, lakini nimeona niseme hapa.

Marehemu alifariki Jumatatu, tarehe 16 Februari 2009, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita, Bibi akiwa amemshika mkono.

Niliiomba kamati ya mazishi mada isomwe leo. Mjomba Filbert amesema kwa upole kwamba Padri ana misa nyingine saa tisa, na ratiba ni kurasa nne tu, picha imechukua moja. Nimeelewa. Sijui kama ingesaidia kitu. Maji yameshakwenda, na miti ya kule juu nayo imekwenda, na hata tukiisoma mbele ya nani hayatarudi kwa makofi. Ila Babu hakuwahi kuisoma hata siku moja, na karatasi za chuo zinasema aliisoma.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Hilaria, watoto watatu, wajukuu wanane na kitukuu mmoja. Mungu ampokee na ampe pumziko mahali penye maji mengi.

Namba yangu imechapwa nyuma ya ratiba, chini ya picha. Nitumie meseji yenye jina lako tu, nitakutumia zote hamsini na nane. Ukishazisoma, tafadhali mtumie na mtu mwingine.

Mjukuu wake, Victoria.