Jogoo wa Mwalimu

Sogeeni, wanangu. Na wewe mwanangu muuguzi, niachie mkono, mapigo yaliyobaki hapo si ya kuhesabu, na nina maneno yanayonichoma kuliko huu ugonjwa. Mkwe wangu naye aingie. Nani kamwambia akae jikoni wakati watu wa nyumba hii wamekaa? Njoo mama, keti hapa miguuni pangu.

Miaka thelathini nimefuga kuku nyuma ya nyumba hii. Baba yenu alipofariki mlivaa sare kwa mayai yao, na wewe Mwalimu, mkubwa wao, ulisoma chuo kwa mitetea uliosema wananuka. Sikuwaomba asante. Niliwafundisha kitu kimoja tu, tangu hamjui kufunga kamba za viatu, kwamba kuku mgeni haingii bandani siku aliyofika. Anakaa peke yake kwenye tundu kule bombani, wiki mbili, na kopo lake la maji, mpaka tumwone anakula na choo chake kizuri. Hata akiwa zawadi. Hata akiwa jogoo aliyependeza kama bwana harusi.

Nilipolazwa, banda nilimwachia mkwe wangu, maana tangu mumewe, mdogo wenu, afariki ni yeye aliyebaki kufagia ua huu pamoja nami. Wiki ya pili, Mwalimu, ukaja wodini uso umekunjuka, ukaniambia umeninunulia jogoo mkubwa sokoni na umeshamweka na wenzake. Nikakwambia mtoe leo hii. Ukacheka, ukamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba mama yako anataka kuku nao walazwe wodi yao. Na kumbe mkwe wangu alishamtoa yule jogoo, wewe ukamrudisha, ukamwuliza yeye ni nani katika nyumba hii. Jirani wa ukutani alikusikia.

Haikupita wiki, kideri kikaingia. Kuku thelathini na mmoja walisinzia, wakapinda shingo, wakaisha. Mkaona mama asijue, mkanunua wengine wa rangi zilezile, mkawajaza bandani. Mlidhani mimi najua manyoya tu? Siku niliyorudi nilisimama pale mlangoni na fimbo yangu, nikawaita kama ninavyowaita siku zote, asigeuke hata mmoja. Nililia, mtu mzima mimi, mbele ya kuku nisiowajua.

Hilo ningelimeza. Lakini nilipouliza mkanijibu kwa mdomo mmoja kwamba mkwe wangu alisahau kuwapa maji, naye akainamisha kichwa asikuaibishe wewe, Mwalimu, mbele ya mama yako. Kisha mkakaa kikao sebuleni, mkakata shauri nikishazikwa afungashe arudi kwao. Mimi nilikuwa chumba hiki hapa, ukuta mmoja, na masikio yangu mazima. Na wewe muuguzi, unayevaa glovu kumpima mtu joto, ulijua vizuri kilichowaua wale kuku, ukanyamaza. Nina hasira nanyi, wanangu. Nasema hivyo ili asije mtu akasema mama aliondoka akitabasamu.

Basi sikilizeni. Chumba anacholala mkwe wangu, banda, na ua wote mpaka bombani ni vyake, na asitokee mtu wa kumtoa. Mjumbe wa mtaa ameandika, nimetia dole gumba. Vyumba vilivyobaki gawaneni wawili nyinyi, na asisikie jirani sauti zenu. Kuku wale wapya hawana kosa. Wachanjwe, banda lipakwe chokaa.

Nipe maji... basi, yanatosha.

Sasa, Mwalimu. Baraka yangu iko hapa kifuani na sijaitoa. Mwambie mkwe wangu kilichoua kuku. Usiniangalie mimi, mimi nakujua. Mgeukie yeye.

...Rudia. Hiyo umeiambia sakafu.

...Eeh. Nimesikia. Mama, nawe umesikia? Basi usilie, inua kichwa, ni nyumbani kwako hapa. Mungu awaweke, nyote watatu... awape kusikilizana. Wewe mkwe wangu... akuweke zaidi. Funga hilo pazia, muuguzi. Macho yamechoka.