Mshipi Juu ya Sweta

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, endelea kukoroga. Kama uko mahali umeinama unafanya kazi, hebu simama kwanza unyooshe mgongo. Hakuna mtu atakugombeza, na akikugombeza mwambie umetumwa na redio. Leo tunamkumbuka mama aliyepigania hilo hilo.

Anaitwa Wilkister Nekesa. Mkaazi wa Landless, hapa Thika. Mchumaji wa mishiri. Wilkister Nekesa ndiye aliyeshona mshipi wa mgongo kwa watu wanaofanya kazi ya kuinama. Ametuacha wiki iliyopita kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka hamsini na mitatu.

Alizaliwa upande wa Kimilili. Mama yake alipalilia miwa ya watu maisha yake yote, mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Binti yake Wilkister, Trizah, ambaye siku hizi anafanya kazi kwenye hoteli ya nyama choma pale Kamakis, Ruiru, anamkumbuka nyanya yake vizuri. "Kukuu alikuwa anatujua kwa viatu," Trizah anasema. "Ukinunua vipya, anakuuliza wewe ni nani."

Wilkister alicheka na wengine. Lakini alipokuja Thika kutafuta kazi, alikuja na woga mmoja tu: kuwa kama mama yake.

Na kazi aliyoipata ni gani? Kuinama. Ndiyo hivyo, maisha yana utani wake. Alipata kibarua kwenye shamba moja la mishiri kule Gatuanyaga. Mishiri, kwa mliozaliwa mjini, ni yale maharagwe membamba ya kijani yanayoliwa na maganda yake. Mmea wenyewe haufiki magotini. Ukiuchuma umesimama, labda uwe bata.

Kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Asubuhi vibarua wanajipanga getini, nyapara anapita akichagua. Ukishika kiuno, umeachwa. Ukijinyoosha, umeachwa. Kwa hivyo akina mama walifika pale wamekakamaa kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Maumivu yalianza baada ya geti.

Siku moja Wilkister alichuma mstari mzima, akafika mwisho, akajaribu kuinuka. Mgongo ukakataa. Alikaa pale akiangalia viatu vya mwenzake, Kamene wa Gatuanyaga, na akavitambua. Hapo ndipo aliposhtuka.

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, alienda kwa Sifuna, fundi viatu wa Landless, mtu wa kwao. Akaomba tyubu kuukuu za bodaboda na mikanda ya begi zilizochakaa. Wakakata, wakashona. Mshipi wenyewe unapita mabegani, unapishana mgongoni, unashuka hadi kwenye mapaja. Ukiinama, mpira unavutika. Ukiinuka, unakuvuta nao. Kazi yote haibaki kiunoni peke yake, mapaja nayo yanasaidia.

Ule wa kwanza? Wasikilizaji wapendwa, ule wa kwanza ulikuwa balaa. Wilkister alimfunga Kamene kwa njia aliyoijua ya kufunga kitu mwilini, yaani kama anafunga mtoto mgongoni. Akakaza, akakaza tena, Kamene akiwa amesimama wima. Kamene akainama achume. Mshipi ukamrudisha nyuma, akakalia kreti la mishiri.

"Mama Trizah, umenitengenezea mtego wa panya," Kamene akamwambia akiwa bado kwenye kreti.

Ikabidi wapime upya, mtu akiwa ameinama nusu. Wa pili ukafinya makwapa. Uliofuata ukakubali. Jioni ile Kamene alirudi nyumbani akachota maji bila kulala kitandani kwanza. Habari ikaenea mstari hadi mstari.

Lakini wote waliuvaa ndani. Chini ya sweta. Joto la Gatuanyaga mnalijua, na mtu amevaa mpira, gauni na sweta juu. Kwa nini? Kwa sababu ya geti. Mshipi ukionekana, nyapara atajua una mgongo mbaya.

Wilkister naye aliuvaa ndani kwa muda. Halafu asubuhi moja akauvaa juu ya sweta, akajipanga.

Nyapara wakati huo alikuwa Maluki, na bado yuko. Alimtazama akamuuliza kama anaenda kuruka na parachuti. Akamwambia pale si hospitali. Akampita. Kesho yake Wilkister akarudi, mshipi juu ya sweta. Akapitwa. Kila asubuhi hivyo, kisha anarudi Landless kufulia watu nguo ili Trizah amalize shule. Maluki hata alizoea kumwonyesha Kamene kama mfano. Tazama Kamene, alikuwa akisema, hana mambo ya mishipi, na hakuna anayemshinda kuchuma. Kamene alikuwa amesimama pale akitokwa jasho chini ya sweta.

Kamene hakufurahia hata kidogo. Alimfuata hadi nyumbani kumwomba auvae ndani kama wenzake. Alimwambia atawachongea wote, na yeye ana watoto. Jibu la Wilkister, Kamene analo mpaka leo:

"Mama Muoki, tukiuficha, huyu mtu atasema migongo yetu haijawahi kuuma. Ataendelea kutuinamisha mpaka na watoto wetu. Mimi siufichi."

Hakumtaja mtu. Hakumlazimisha mtu. Lakini hakuuficha.

Kisha mvua ikanyesha. Mvua ikianza Gatuanyaga, kila mtu anakimbilia shamba lake kupanda mahindi na pojo. Getini wakabaki watu wachache. Na mishiri haingojei mtu, ikipitisha siku inanenepa, mnunuzi anaikataa. Lori lilikuwa limeshafika. Maluki akaangalia mstari, akaangalia lori, akamwambia Wilkister, "Wewe wa mshipi, ingia."

Hapo ndipo wengi wetu tungeingia mbio. Mimi ningekuwa wa kwanza. Wilkister hakusogea. Alisema ataingia Maluki akitangaza mbele ya watu kwamba anayevaa mshipi haachwi getini. Maluki akasema maneno ambayo redio hii haiwezi kurusha. Dereva akapiga honi. Mwishowe Maluki akanung'unika, haya, anayevaa mshipi haachwi.

"Kwa sauti, Bwana Maluki," Wilkister akamwambia. "Huko nyuma hawajasikia."

Akarudia kwa sauti.

Halafu Kamene, yule wa mfano, akavua sweta. Mshipi huo hapo. Mwingine akavua. Na mwingine. Wachumaji wote ambao Maluki alikuwa akiwasifu walikuwa nao. Maluki aligeuka akaenda kukagua magurudumu ya lori, ingawa hayakuwa na shida yoyote.

Tulimpigia simu Maluki jana. Alisema, "Yule mama alikuwa msumbufu. Semeni hivyo hivyo redioni. Na mwambieni Trizah pole sana."

Tangu siku ile Wilkister aliwashonea wapalilizi, wapanda miche, hata wanaofua nguo. Alisisitiza kuwa si dawa. Mgongo ukiuma, alisema, nenda hospitali, mshipi ni wa kukusaidia kazini tu. Trizah anatuambia kuwa hata siku zake za mwisho, alipoingia daktari, mama yake alikaa kitandani wima. "Alikuwa anamwangalia machoni," anasema.

Wilkister Nekesa atazikwa Jumamosi nyumbani kwao Kimilili. Kwako Trizah, kwa Sifuna, kwa Kamene na wachumaji wote wa Gatuanyaga, poleni sana. Mungu awafariji, na amlaze mama yetu pema.

Kwa wanaoajiri, fikirieni usiku huu: mtu anayejinyoosha ni mvivu, ama amefanya kazi? Maana hapo ni geti moja tu lililofunguka. Tunajua mashamba mengine, hapa hapa Thika na Ruiru, ambako mshipi wa Wilkister bado unavaliwa chini ya nguo, kwa woga.

Na wewe unayeuficha, najua unanisikia. Kesho asubuhi ukijipanga getini, uvae juu ya sweta.